Skrini iliganda ikionyesha moyo mzima: uzoefu wangu na mfumo wa kurekodi wa kathlabu

Nyota niliyotoa ni moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya nyaya. Nyaya zao ni nzuri kweli, hazikatiki ovyo, klipu za ECG, zile za kupima umeme wa moyo, zinashika hata mgonjwa akitoka jasho. Basi, sifa zimeisha hapo, sasa nisikilizeni.

Mimi kazi yangu ni ya kathlabu, chumba cha kupimia moyo kwa ndani, nakaa nyuma ya kioo kwenye kompyuta ya kurekodi. Daktari yuko ndani anasukuma katheta, mrija mwembamba, mpaka kwenye moyo, mimi huku nanasa presha za kila chemba, ECG, heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, imeingia saa ngapi, mgonjwa kalalamika nini. Mambo ya mfumo una chaneli ngapi na unaunganishwa na nini sitayagusa, brosha zipo tele na zote zina picha ya daktari anayetabasamu. Daktari anayetabasamu akiangalia presha za moyo mimi sijawahi kumwona.

Siku hiyo tulikuwa na mzee mmoja, vali yake ya aota, mlango wa damu kutoka moyoni kwenda kwenye mshipa mkubwa wa mwili, imebana. Ekho, ile ultrasaundi ya moyo, ilikuwa inasema hali siyo mbaya sana ila mzee mwenyewe akitembea hatua chache tu anatafuta pa kukaa, yaani majibu na mtu haviendani kabisa, ndiyo ikaamuliwa tuingie ndani tupime wenyewe. Na kuvuka vali iliyojaa chokaa kutokea upande wa aota siyo mchezo jamani. Waya unatafuta katundu kadogo huku moyo unapiga, na kipande kikichomoka kinaelekea kwenye ubongo. Kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2003, wagonjwa waliovushwa vali kwa njia hiyo 22% walikutwa na alama mpya kwenye MRI ya ubongo, na 3% wakawa na dalili za wazi kabisa. Kwa hiyo ukishavuka, unataka uwe umevuka mara moja, uchukue chako, utoke.

Daktari akahangaika nayo, akavuka. Presha ya ventrikali ya kushoto, chemba inayosukuma damu kwenda mwilini, ikaja safi, vilele virefu, chini inagusa karibu na sifuri. Akasema, "Rekodi, navuta." Nikabonyeza. Kwa wasiojua, hapa ndipo katheta inapotolewa taratibu kutoka ventrikali kuingia aota, na unaliona wimbi linageuka umbo mbele ya macho yako, kilele kinashuka, chini kunapanda. Ile tofauti ya vilele ndiyo jibu lenyewe lililomlaza yule mzee pale mezani. Kila kitu kingine siku ile kilikuwa maandalizi tu ya hizo sekunde chache.

Na hapo hapo ule mstari unaofagia skrini ukasimama katikati.

Kushoto kwake mawimbi, kulia kwake mawimbi, mapigo 72, oksijeni 98, yote yanang'aa kijani kama kawaida. Hakuna alamu iliyolia, hakuna neno jekundu, hakuna hata ule mduara wa kuzunguka unaokuambia subiri. Na skrini kubwa ya ndani, ile anayoitazama daktari, inalishwa na kompyuta hii hii, kwa hiyo nayo imesimama na 72 yake. Mtu yeyote angeingia mle chumbani wakati ule angesema mgonjwa yuko vizuri sana. Moyo ule ungesimama kabisa, ungeanza kutetemeka, ungefanya lolote, skrini ingeendelea kutuambia 72. Hicho ndicho kilichonitoa roho na ndicho ninachokiandika hapa, siyo kuganda, kompyuta zote zinaganda, ni kuganda huku inatabasamu.

"Umeipata?"

"Daktari, imeganda."

"Imeganda nini?"

"Yote."

Sista aliyekuwa kichwani kwa mzee hakusubiri mtu amwambie, akaweka vidole shingoni, akasema "yupo, anapiga, yupo," huku mwenzake anawasha monita ya defibrileta, mashine ya kushtua moyo. Namshukuru Mungu ile ni mashine nyingine ya watu wengine. Mimi huku nyuma natikisa mausi haijibu, halafu ndiyo naona pembeni chini kabisa kadirisha kadogo, antivairasi, "uchanganuzi unaendelea, 34%". Yaani kompyuta imeona saa ya mtu kuwa na katheta kwenye moyo ndiyo saa nzuri ya kufanya usafi.

Nikaizima kwa nguvu, nikawasha. Inawaka kwa raha zake, nembo ya kampuni inazunguka, mziki mdogo, ndiyo, ina mziki. Naandika nenosiri, inaniambia nenosiri lako limekwisha muda, weka jipya. Lisifanane na la zamani. Liwe na herufi kubwa. Liwe na namba. Liwe na alama. Daktari ananiangalia kupitia kioo, mikono juu na glavu zake, kimya. Nikaandika tusi, nikaongeza namba na alama ya mshangao, likakubaliwa kwamba ni imara sana.

Tukaziro transdyusa upya, vile vipimio vya presha, maana ziro zote zilikuwa zimepotea, nikafungua faili la mzee, na ile mvuto haipo. Presha ya ventrikali ipo nusu. Heparini ipo. Halafu kwenye kumbukumbu za mfumo, mahali ambapo ungetegemea waandike kwamba programu imekufa, kumeandikwa "rekodi imefungwa kawaida." Kawaida!

Daktari akavuka vali tena. Sina la kuongeza hapo. Mara ya pili ikarekodiwa, mzee akaamka anaongea vizuri, mikono na miguu yote inafanya kazi, tulimkagua mpaka akatuuliza kwani kuna nini.

Na kabla hamjaniambia habari za hesabu za kisasa za huu mfumo, hesabu siyo shida. Chukua mtu ambaye moyo wake unasukuma lita 4 kwa dakika na tofauti ya presha ni 64, kipeuo chake 8, gawa 4 kwa 8, una tundu la vali la sentimita za mraba 0.5, imebana vibaya. Hiyo ni njia ya Hakki ya mwaka 1981, inafanyika nyuma ya pakiti ya gozi. Fomula ndefu ya Gorlin yenyewe ni ya 1951. Kompyuta tunaitaka kwa kazi moja, ilishike lile wimbi wakati linapita kwa sababu halirudi bila kumrudia mgonjwa. Forssmann, daktari Mjerumani, mwaka 1929 alijisukumia katheta mwenyewe mpaka kwenye moyo wake, akatembea hadi chumba cha eksirei, akatoka na picha mkononi. Picha! Kitu cha kumwonyesha mtu. Sisi na skrini zetu zote tulitoka na "imefungwa kawaida."

Sasa sapoti. Nikapiga, nikaelezea yote, kijana wa upande wa pili akaniomba namba ya leseni kwanza. Nikampa. Akaniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Nikamwambia kaka, nimeshakuambia nilizima mgonjwa akiwa mezani. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Lakini dada yangu, mgonjwa si yuko salama?" Nikasema ndiyo. "Basi tunashukuru Mungu, siyo kesi ya dharura, nitaiweka kundi la kawaida."

Tena hilo neno.

Nilipopandisha sauti akaniambia nitulie, kosa ni la IT wenu, mwongozo unasema mafolda ya mfumo yasiguswe na antivairasi wakati wa kazi. Na hapa lazima niwe mkweli hata kama inaniuma, kwa hilo ana haki. Mwaka 2016 ilijulikana kwamba FDA, mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa tiba, imepokea ripoti inayofanana na yetu karibu neno kwa neno, kompyuta ya kurekodi ilizimika katikati ya upimaji wa moyo, mgonjwa kashapewa dawa ya usingizi, ikabidi wasubiri kama dakika tano iwake upya, na sababu ilikuwa antivairasi iliyopangwa ichanganue kila saa. Kampuni ya huko nayo ilisema hivyo hivyo, hospitali haikufuata maelekezo. Kwa hiyo watu wetu wa IT nao wana lao, na tumeshasemezana, na haikuwa kwa upole.

Ningeishia hapo ningewaongezea nyota, wafikishe tatu. Maana mfumo ukiwa hai ni mzuri, sitadanganya. Mawimbi yake hayana uchafu, ukipata kapovu ka hewa kwenye laini unaliona mara moja wimbi linavyolegea, na ukitaka kupima wedge, presha ya katheta ikiwa imeziba kamshipa ka mapafu, mwisho wa pumzi unalichagua pigo lako mwenyewe kwa urahisi badala ya kukubali wastani wa kijinga unaochanganya pumzi zote. Nimefanya kazi na mingine, huu unaizidi.

Lakini nikifikiria tena hapana. Kama mnajua toka miaka hiyo kwamba antivairasi inaweza kuua programu ya aina hii, mbona maelezo hayo mnayaficha kwenye kurasa za ndani za mwongozo ambao hakuna anayeufungua? Na hata tuseme kosa la antivairasi ni letu, la skrini ni la nani? Nani aliamua kwamba programu ikifa picha ya mwisho ibaki inang'aa? Iwe nyeusi! Iandike HAKUNA DATA kwa herufi kubwa, mtu ajue anaangalia maiti. Monita ya kawaida ya wodini ukichomoa waya inapiga kelele mpaka unaomba radhi. Moja ile ile, siibadilishi.

Sasa hivi tunaweka monita ya pili isiyotegemea hii kompyuta, inamtazama daktari moja kwa moja, na sista hatoi macho pale. Nimeambiwa wanakuja kutuwekea apdeti na kwamba hilo la kuganda "limeboreshwa". Wakimaliza, kabla sijasaini karatasi yao, nitaomba wasimame mbele ya skrini kubwa, halafu nitaiua ile programu mwenyewe tuone inaonyesha mapigo mangapi.