Vifaa vya kitabu cha kumbukumbu cha picha Mwanza: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Stationeri nyingi za katikati ya jiji, kuanzia mitaa ya karibu na Makoroboi, hutanguliza mbele vitu vya kumetameta: stika, riboni, maua ya karatasi. Viache kwanza. Pesa yako ianzie kwenye vitu vinavyogusa picha, yaani gundi na karatasi. Uso wa picha ya studio iliyosafishwa kwa dawa una tabaka la jelatini, na jelatini hulainika ikipata unyevu. Kwa hewa ya ziwani, hasa miezi ya masika, picha mbili zilizolaliana uso kwa uso hushikana, na ukizibandua zinachanika. Kwa hiyo tumepanga vifaa kwa kuangalia kipi kitaitunza picha na kipi kitaiharibu.

Gundi

Nafasi ya kwanza ni kona za karatasi, yaani vijifuko vya kuingizia pembe nne za picha, kwa sababu picha haiguswi na gundi kabisa na unaweza kuitoa wakati wowote. Usipozipata dukani, zitengeneze. Kata kipande cha karatasi chenye upana wa sentimita 1.5 na urefu wa sentimita 4. Kuanzia katikati ya ukingo wa juu, kunja kila upande kuelekea chini hadi pande zikutane kama paa la nyumba, kisha kata kinachozidi chini. Paka gundi upande wenye mikunjo tu. Picha 40 zinahitaji kona 160. Ni kazi ya jioni mbili tatu, lakini gharama yake ni karatasi tu.

Ya pili ni tepu nyembamba ya pande mbili. Vipande vinne vya sentimita 2 vinatosha picha ya sentimita 10 kwa 15. Ile nene yenye sponji inavimbisha kitabu hadi jalada lisifunge.

Gundi ya stiki inashika nafasi ya tatu: inafaa karatasi kwa karatasi, ila kwenye picha hukauka na kingo zikaanza kunyanyuka. Gundi nyeupe ya maji iwe ya mwisho, maana maji yake hukunja ukurasa. Ukilazimika kuitumia, paka nyembamba sana na ulaze kitabu chini ya vitu vizito usiku kucha.

Selotepu usiibandike kwenye picha: inageuka njano, inaachia, na gundi yake inabaki. Gundi ya viatu inaacha madoa. Uji wa ngano unaita mende.

Karatasi

Chagua manila nyeupe ya gramu 160 hadi 220 kwa mita ya mraba. Kama pakiti ina maandishi kwamba haina asidi, hiyo ndiyo ya kuchukua hata ikizidi bei. Karatasi ya kawaida ya fotokopi, gramu 80, hujikunja ikibeba picha. Manila ya rangi inafaa kwa mapambo, lakini kwanza isugue kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, itahamia kwenye picha pia.

Kuna kipimo kingine kisicho na gharama. Funika nusu ya kipande cha karatasi kwa kitabu, kiache dirishani penye jua wiki moja. Nusu iliyo wazi ikigeuka njano, karatasi hiyo ina lignini ya mti, kama gazeti, na haifai kukaa na picha.

Ukurasa wa A4 unabeba picha mbili za 10 kwa 15 na nafasi ya maelezo. Picha 40 ni karatasi 20 ukitumia upande mmoja. Nunua 24, kwa sababu nyingine zitaharibika. Ukitumia pande zote mbili, tenganisha kurasa kwa karatasi ya kuokea keki, la sivyo picha zitakutana uso kwa uso.

Jalada

Faili la pete linaongoza: unaongeza na kupunguza kurasa upendavyo. Linalofuata ni kufungwa kwa spairo, ila omba pete kubwa kuliko unene wa karatasi tupu, maana picha zinaongeza unene. Kaunta buku ni ya tatu. Kata kila ukurasa wa tatu ukiacha ukanda wa sentimita 2 karibu na mshono, vinginevyo mgongo utapasuka.

Albamu zenye kurasa za kunata na plastiki juu tunazikataa kabisa. Kama picha zako tayari zimo humo, zitoe kwa kupitisha uzi mwembamba wa mshipi nyuma ya picha, taratibu, ukiusogeza huku na huku. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali nayo iache.

Kukata na kuandika

Rula ya chuma na kisu cha karatasi chenye wembe wa milimita 9 vinatosha. Vunja ncha ya wembe mara tu unapoona manyoya kwenye kingo. Kata juu ya boksi gumu. Kioo kinaua wembe na vigae vinateleza.

Kuandika, tumia peni nyeusi ya jeli. Andika, acha ikauke, dondoshea tone la maji: wino ukitambaa, tafuta nyingine. Maka peni hupenya upande wa pili. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza.

Tiketi na mapambo

Kabla ya kubandika risiti au tiketi, ikwaruze kidogo kwa ukucha. Ikiacha mstari mweusi, ni karatasi inayochapwa kwa joto bila wino, na maandishi yake yatafutika. Itoe fotokopi, ubandike nakala. Vipande vya kitenge kutoka kwa fundi cherehani vinapendeza kuliko stika za dukani, mradi vifuliwe mara mbili, vipigwe pasi, na vikae sentimita moja mbali na picha.