Mkeka wa Harris: kipimo cha wino kwa miguu ya wenye kisukari

Kwa kituo cha afya cha ngazi ya IV hapa Uganda, ambako umeme hukatika mchana kweupe, mkeka wa Harris, unaoonyesha kwa wino sehemu za unyayo zinazobeba mgandamizo mkubwa, ndicho kipimo cha kununua kwanza. Ni cha zamani: Harris na Beath, waliochunguza miguu ya wanajeshi wa Kanada, walitoa matokeo yao mwaka 1947. Hakihitaji kompyuta wala betri.

Mkeka wenyewe ni mpira wenye mistari ya vimo vitatu. Mistari mirefu hugusa karatasi hata kwa uzito mdogo. Mifupi haiachi alama mpaka ikandamizwe sana. Kwa hiyo miraba mikubwa mitupu ni mgandamizo mdogo, miraba midogo ni wa kati, na doa jeusi ndilo la kuhofia, hasa chini ya kidole gumba na chini ya vichwa vya mifupa nyuma ya vidole.

Andika kwanza kwenye karatasi jina, tarehe na mguu upi. Pitisha rola yenye wino kidogo juu ya mistari ya mkeka, bandika pembe za karatasi kwenye sakafu ya saruji, kisha laza mkeka upande wa wino ukiwa chini. Mgonjwa aanze kutembea akiwa nyuma kidogo ya mkeka, hatua ya pili iangukie mkekani, naye aendelee mbele bila kusimama. Chukua alama 3 kwa kila mguu. Makosa mengi hutokea hapa: wino ukizidi, alama yote huwa nyeusi; mgonjwa akitazama chini kuulenga mkeka, hufupisha hatua na alama hudanganya. Mwambie atazame ukutani. Wino wa kuchapia hupatikana Nasser Road, Kampala, lakini epuka unaokauka haraka, maana huziba mifereji. Usisafishe kwa mafuta ya taa, huharibu mpira.

Mwenye kidonda kilicho wazi asipimwe. Penye sugu nene, mhudumu aliyefunzwa aipunguze kwanza, kisha pima tena: sugu ikitoka, mgandamizo wa pale hushuka kwa takriban robo au zaidi.

Doa jeusi kwenye mguu wenye hisia si sawa na doa lilelile kwenye mguu uliokufa ganzi. Lazima mkeka uandamane na uzi wa nailoni wa kupima hisia, unaopinda kwa nguvu ya gramu 10: ugusishe mpaka upinde, sekunde 2 hivi, kamwe si juu ya sugu. Baada ya wagonjwa 10, uzi upumzike saa 24.

Upungufu wake mkubwa ni kwamba hauingii ndani ya kiatu. Vihisi vya kielektroniki vya ndani ya kiatu hutoa namba za mgandamizo kwa kilopaskali, na kwa aliyewahi kupata kidonda cha unyayo lengo ni chini ya 200, au mgandamizo upungue kwa asilimia 30 angalau. Mkeka hauwezi hilo. Basi linganisha alama na kiatu chenyewe. Lugabire, yaani ndala za tairi, huzuia miiba vizuri, lakini soli yake ya tairi haina ulaini wa kupunguza mgandamizo, na mikanda yake hukwaruza. Ingiza mkono ndani ya kiatu utafute misumari na mishono iliyoinuka.

Tunza karatasi kwenye faili. Aliyewahi kupata kidonda akaguliwe miguu kila baada ya mwezi 1 hadi 3, na karatasi mpya ilazwe juu ya ile ya zamani dirishani, penye mwanga.