Nguo za kutupia mtaani kwenye joto la Dar: ipi ianze, ipi isubiri

Joto la Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi halisomeki kwenye kipimajoto peke yake. Kinaweza kuonyesha nyuzi 32, lakini hewa imejaa unyevu wa bahari na jasho halipati pa kwenda. Ukisimama kwenye mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, unashuka shati limeganda mgongoni. Kwa hiyo hapa nimepanga nguo kwa jinsi zinavyopitisha upepo, zinavyodumu, na zinavyoishia zikichoka. Mtindo umekuja baadaye, ingawa haujasahaulika. Aliyeko Arusha au Mbeya anaweza kuupindua mpangilio huu wote na akawa sahihi.

1. Shati la mtumba la pamba au kitani, lipitie kwa fundi

Namba moja bila kusita. Kitambaa kimeshatengenezwa, hakuna pamba mpya iliyolimwa wala maji mapya yaliyomwagwa kwa ajili yako. Faida nyingine haisemwi sana: nguo ya mtumba imeshafuliwa mara nyingi huko ilikotoka. Iliyokuwa ya kusinyaa imeshasinyaa, iliyokuwa ya kuchuja rangi imeshachuja. Unachokiona kwenye masoko ya mitumba ya Karume au Manzese ndicho utakachobaki nacho.

Anza na lebo ya ndani, kwenye kola au ubavuni. Nguo nyingi zinatoka Ulaya na maandishi yake si lazima yawe ya Kiingereza. Ukiona coton, Baumwolle, katoen au algodón, hiyo ni pamba. Lin, Leinen au lino ni kitani, ambacho wauzaji wanakiita lineni. Polyester huandikwa karibu hivyohivyo kila mahali, na ikizidi nusu, rudisha shati kwenye lundo. Lebo ikiwa imekatwa, dondoshea kitambaa tone la maji: pamba iliyofuliwa inalinywa, polyester mara nyingi inaliacha likae juu kama shanga.

Kisha liinue shati kuelekea jua. Matundu madogo hayaonekani likiwa mezani. Kagua kwapani, maana njano iliyokomaa pale haitoki kwa sabuni ya mche wala kwa dawa ya madoa, muuzaji aape anavyoapa. Kola iliyolika ukingoni si tatizo, fundi ataigeuza au ataiondoa kabisa na kukuachia shingo ya wima.

Usiogope saizi kubwa. Mabega yaliyoshuka ndiyo mtindo wenyewe siku hizi, na hewa inapita kati ya kitambaa na ngozi. Mwambie fundi akate mikono ifike juu kidogo ya kiwiko na pindo la chini alinyooshe, uweze kuvaa bila kuchomekea. Hapo una shati ambalo halina pacha mjini.

Mitumba ina lawama zake na sizikatai. Ndani ya belo, lile robota la mitumba lililofungwa, kuna takataka zisizovalika, na mwenye hasara ni mfanyabiashara aliyelinunua bila kuona. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua ili viwanda vya hapa vipumue. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, wengine wakalegeza, Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Mzigo ungali unaingia. Ukinunua kipande kizuri ukakivaa miaka mitano, umefanya sehemu yako kuliko anayenunua vitano kila mwezi kwa sababu ni rahisi.

Jambo moja tu: nguo za ndani nunua mpya, za pamba. Za mtumba zimepigwa marufuku na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na hata zisingepigwa, bado.

2. Shati au kaptula ya kushonesha: khanga, kikoi, kitenge

Ingekuwa namba moja kama vitambaa vyote vingekuwa pamba kweli. Siku hizi Kariakoo kitenge kinachong'aa vizuri dukani kinaweza kuwa polyester mwanzo mwisho, na utajua ukishapanda nacho daladala. Omba kipande cha nyuzi kutoka ukingoni, toka nje, kichome. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kubaki majivu laini. Polyester inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Muuzaji akikataa, duka la pili liko hatua tatu mbele.

Khanga ya pamba ni nyepesi kuliko kitenge, na kwa shati la mikono mifupi doti moja inatosha watu wengi. Iloweke na kuifua kabla ya kumpelekea fundi, kwa sababu mpya ina wanga, inachuja, na inasinyaa. Fundi akiishona ikiwa mbichi, lawama zitakuwa zako. Mwambie pia mapema maandishi unataka yakae wapi. Si kila jina la khanga linafaa kutembea nalo mgongoni mbele ya mama mkwe.

Kwa kaptula chukua kikoi. Ni pamba ya kufumwa, inastahimili kukaliwa kwenye bodaboda, na kadiri inavyofuliwa ndivyo inavyolainika.

Kwa mtu mrefu sana au mwenye kifua kipana, hii ndiyo namba moja yake. Mitumba itamchosha kutafuta.

3. Tisheti mpya ya pamba isiyo na maandishi

Uzito ndio kila kitu. Tisheti nyepesi huwa na gramu 140 hadi 160 kwa mita ya mraba. Zile nene za kukaa wima mwilini hupita 220. Zinapendeza kwenye picha, lakini saa saba mchana ni mateso. Wauzaji wengi hawana namba hizo, basi ingiza mkono ndani ya tisheti na uitazame kwenye mwanga: ukiona kivuli cha vidole kwa mbali, inafaa. Ukiona vidole vyenyewe, itachoka baada ya kufuliwa mara chache.

Rangi ya kijivu iepuke, jasho lote linasomeka. Nyeupe na bluu iliyoiva zinaficha vizuri zaidi.

Kinachouma ni kwamba sehemu kubwa ya pamba ya Shinyanga na Simiyu inasafirishwa nje ikiwa marobota, halafu tunanunua tisheti kutoka ng'ambo. Ukikuta iliyofumwa na kushonwa nchini, na bei haikuumizi sana, ipe nafasi.

4. Viskosi

Kitambaa laini kinachoteleza, hutengenezwa kwa nyuzi za mti. Kinapoza mwili kweli, na magauni na mashati ya maua mengi yako hapa. Tatizo lake ni maji: kikilowa kinakuwa dhaifu, na ukikikamua kama unavyokamua jinzi kinapoteza umbo. Kama kufua kwako ni kwa haraka alfajiri, achana nacho.

5. Jezi

Najua. Jumamosi ya Simba na Yanga hakuna atakayenisikiliza, wala sitarajii. Jezi hukauka upesi na kwa kukimbia inafaa. Kwa kushinda nayo kutwa, polyester inashika harufu ambayo sabuni inaisogeza tu. Inunue kwa mapenzi ya timu, usiihesabu kama nguo ya kila siku.

6. Jinzi nzito

Haina hoja kwenye joto hili, hata ikiwa imechanwa magotini. Kama unayo kabatini, fundi aikate juu ya goti na pindo alipige mishono miwili, maana denim ikiachwa wazi hufumuka haraka.