Makumbusho ya kugusa au ya kutazama?
Exploratorium ya San Francisco, iliyoanzishwa na mwanafizikia Frank Oppenheimer mwaka 1969, ni ya mikono: mtoto anazungusha, anavuta, anakosea, anaanza upya. Kwa walio chini ya miaka 8 naichagua bila kusita, ila tengeni nusu siku nzima, maana kuwabandua kwenye jaribio moja ni kazi.

Science Museum ya London ina vitu halisi, kikiwemo chombo cha Apollo 10 kilichouzunguka Mwezi mwaka huohuo. Mtoto mkubwa anayependa kusoma maelezo atashiba. Mdogo ataulizia choo. Kiingilio ni bure, hivyo mkichoka mnaondoka bila kinyongo. Ukumbi wake wa majaribio, Wonderlab, hulipiwa. Wenye watoto wa rika zote waanzie hapo.