Kichupa cha "Kirumi" cha Ngong Road: kimepulizwa vizuri, kimepakwa uongo

Mimi ni fundi wa madirisha Kariobangi, mwaka wa kumi na tisa huu nakata vioo. Wiki jana nilinunua kichupa cha marashi kwenye duka moja la mapambo Ngong Road: shingo ndefu, tumbo la mviringo, kimo cha kidole cha kati. Kadi ilisema "mtindo wa Kirumi", shilingi 3,800. Kijana wa duka akashusha sauti: "Bosi, hii si mtindo. Hii ilichimbwa."

Ati ilichimbwa! Warumi waliyeyusha mchanga pamoja na magadi ya Misri, ndugu wa haya tunayoivishia maharagwe. Kioo cha namna hiyo kikilala ardhini karne nyingi, maji ya udongo huyanyonya yale magadi polepole, na ngozi ya juu inabaki vijitabaka vinavyong'aa rangi za upinde wa mvua na kubanduka kama ganda la kitunguu. Hiki nilikifuta kwa kitambaa chenye spiriti. Upinde wote ukahamia kitambaani.

Lakini chini ya ile rangi, lo! Kimepulizwa kwa pumzi ya mtu. Viputo vya shingoni vimerefuka kufuata mvuto wa mkono, mdomo umekunjiwa ndani, na kitakoni kuna kovu la chuma walichokishikia wakimalizia mdomo. Rangi yake halisi ni kijani-buluu, ya chuma kilichomo mchangani. Chungulia ukingo wa kioo cha dirisha lako, utaiona.

Bei ndiyo inayonichekesha. Upulizaji ulianza mwambao wa Shamu (Syria na jirani zake) karne ya 1 kabla ya Kristo, vyombo vya kioo vikawa rahisi hata Strabo, mwanajiografia Mgiriki wa zama hizo, akaandika kwamba Roma kikombe kilipatikana kwa sarafu ya shaba. Mimi nimetoa 3,800, na kifuniko hakuna. Nimechonga kizibo cha chupa ya mvinyo. Mama watoto ametia mafuta ya karafuu, hayavuji.

Nyota tatu. Ingekuwa nne bila ile rangi.

Nilirudi dukani na kitambaa changu. Kijana akakitazama, akanyamaza, kisha akauliza kama naweza kumkatia kioo cha kabati lililopasuka. Nimempa bei, naenda Jumamosi.