Gundi na viraka vya boti ya upepo: ukiwa Arusha au Moshi, nunua kipi kwanza

Boti yangu ya kwanza ya upepo, yaani ya kujazwa hewa, niliinunua ikiwa imeshatumika, ya kijivu, ya mita tatu na kidogo. Kiraka chake cha kwanza kilibandikwa Moshi, kwa fundi baiskeli. "Kaka, hii si ni kama tyubu tu," aliniambia. "Nikuwekee solusheni, jioni unaingia nayo majini." Akakwangua, akapaka, akasubiri ikauke, akabandika na kugongagonga. Kilishika vizuri. Jumamosi tukaishusha Ziwa Chala. Jua la saa saba lilipoikolea boti, ukingo wa kile kiraka ukaanza kuinuka taratibu kama ganda la ndizi. Tulikuwa wawili, jaketi okozi tumevaa, na chini yetu maji ya kreta yenye kina cha karibu mita 90. Tulipiga kasia bila kusemezana mpaka tukagusa mawe.

Fundi yule hakukosea kazi yake. Solusheni imetengenezwa ishikane na mpira wa tyubu, na boti yangu ilikuwa ya PVC. Kosa lilikuwa langu, nililipia gundi kabla ya kujua boti yangu imetengenezwa kwa kitu gani. Tangu siku hiyo nimeziba boti nyingi, zangu na za jirani zangu, na bado naona watu wakianza na swali lilelile: "Gundi gani kali?" Ukali si hoja. Gundi kali kuliko zote, ikiwa si ya kitambaa chako, itabanduka.

Jua kitambaa kabla hujatoa hela

Boti nyingi za upepo zinazofika huku ni za aina mbili. Ya kwanza ni PVC, plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa cha polista. Ya pili watu huiita Hypalon, mpira wa sintetiki uliopakwa juu ya kitambaa, na kwa ndani mara nyingi una tabaka la neoprini, mpira mwingine wa sintetiki. Kampuni ya DuPont, wenye jina hilo, waliacha kuutengeneza kufikia mwaka 2010. Wengine wanatengeneza mpira wa aina hiyohiyo, na jina limebaki midomoni mwa watu.

Namna ya kuzitofautisha ni hii. Fungua valvu kwa ufunguo wake, chungulia ndani ukiwa na tochi. Ukiona ndani kunang'aa kama plastiki, sawa na nje, hiyo ni PVC. Ukiona ndani kuna mpira mweusi au wa kijivu uliofifia wakati nje ni rangi nyingine, hiyo ni Hypalon. Bado una shaka? Tafuta sehemu iliyojificha, chini ya kamba au nyuma ya ubao wa injini, uiguse kwa kitambaa cheupe chenye asetoni. PVC italainika na kunata kidoleni. Hypalon haitanata, ingawa inaweza kuachia rangi kidogo. Tumia asetoni yenyewe, si ile ya kuondolea rangi ya kucha, kwa sababu nyingi za kucha zimetiwa mafuta ya kulainisha ngozi, na mafuta ni adui wa gundi.

Kipimo hiki hakizidi dakika kumi, na ndicho kinachokupangia manunuzi mengine yote.

Namba moja: gundi ya sehemu mbili, pamoja na kitambaa cha aina ileile

Kama una hela ya kununua kitu kimoja tu, nunua hiki. Ni kopo la gundi na kichupa cha hadina, yaani kimiminika cha kuikaza gundi, unachanganya mwenyewe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Kwa PVC tafuta gundi ya poliyurethani. Kwa Hypalon tafuta gundi ya neoprini. Ukizibadilisha, umetupa vyote viwili. Hadina ndiyo inayofanya gundi isilegee boti inapopata joto, na joto ndilo lililonitia hofu kule Chala.

Unapopokea kopo, angalia mambo mawili. Tarehe, kwa sababu gundi hizi zina umri. Halafu kichupa cha hadina: inatakiwa iwe maji yanayotiririka. Ikiwa imekuwa nzito kama jeli au imeganda ukingoni, unyevu wa hewa umeshaingia, irudishe. Usinunue kopo kubwa kwa sababu tu bei yake inapendeza. Likishafunguliwa halikai sana, na gundi uliyokwisha kuichanganya na hadina ina saa chache tu kabla haijaharibika. Makopo mawili madogo ni bora kuliko moja kubwa.

Kitambaa cha kiraka kiwe cha familia ya boti. Kikate kizidi tundu kwa sentimita tano kila upande, na pembe zake uzikate za mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo inayoanza kunyanyuka. Hypalon ikwangue kwa msasa, boti na kiraka vyote viwili, mpaka mng'ao uishe, kisha pangusa vumbi lote. PVC haihitaji msasa mkali. Ifute kwa asetoni au MEK, kimiminika kingine cha kusafishia, mpaka ilainike kidogo. Paka tabaka jembamba pande zote mbili, liache likauke, paka la pili, usubiri mpaka ukigusa kwa mgongo wa kidole inanata lakini haiachi uzi. Hapo ndipo unabandika, na huna nafasi ya pili ya kukisogeza. Mimi huchukua mgongo wa kijiko cha chuma nikaanza katikati kuelekea pembeni, nikikandamiza kwa uzito wa bega, nikifukuza hewa sentimita moja moja. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo watu wanaiharakisha, na ndipo viraka vinapoharibikia. Usijaze upepo kabla ya saa 24 kupita, na kama unaweza kuvumilia siku tatu, vumilia.

Hali ya hewa ya kwetu ina sauti kubwa hapa. Kimiminika cha gundi kinapopaa kinaipoza ile sehemu iliyopakwa, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, matone madogo yanatua juu ya gundi. Utaona ukungu mweupe mwembamba. Ukiuona, usibandike, kwa sababu utakuwa unabandika juu ya maji. Wakati wa masika, kazi hii Arusha iache kama huna chumba kikavu. Juni na Julai hewa huwa kavu zaidi, lakini asubuhi kuna baridi, kwa hiyo anza saa tano na umalize kabla ya saa kumi, kivulini. Jua likipiga moja kwa moja, gundi inaota ngozi juu huku chini ingali mbichi.

Fanya kazi nje au milango yote ikiwa wazi, vaa glovu, na jiko la mkaa liwe mbali. Mvuke wa MEK na asetoni unashika moto upesi, na hadina inaumiza mapafu.

Kuipata huku

Gundi hii ni nadra kuikuta dukani Arusha au Moshi. Wengi wetu tunaagiza Dar es Salaam. Kisafishio, yaani asetoni, ulizia kwenye maduka ya rangi na kemikali. Lipo jambo ambalo limewagharimu watu kadhaa ninaowafahamu: usimwagize ndugu anayetoka Ulaya akubebee gundi au MEK kwenye begi la ndege. Ni vimiminika vinavyowaka, haviruhusiwi, na vitaishia uwanjani. Mwagize kitambaa cha kiraka, valvu na ufunguo wa valvu. Hivyo vinapita salama na ndivyo vigumu kuvipata. Gundi ije kwa njia ya barabara au meli, na anayeibeba aambiwe wazi amebeba nini.

Kuna watakaokuambia kitambaa si lazima, turubai linatosha. Turubai lipi? Lile zito la malori lina PVC, na linashikana vizuri na gundi ya PVC. Kwa kawaida ni jepesi kuliko kitambaa cha boti, kwa hiyo mimi hulitumia kama ngao chini ya boti mahali panaposuguana na mawe, si kuziba mchaniko. Lakini lile jepesi la kufunikia maharage sokoni ni polithini, na polithini haishiki gundi yoyote utakayoipata. Likunje na ulisikilize. La PVC ni laini na zito, la polithini linapiga kelele kama mfuko.

Namba mbili: kiraka cha kujinatisha, kwa ajili ya begi

Hiki ni kile unachobandua karatasi na kubandika hapohapo. TEAR-AID ndiyo inayojulikana zaidi, na ina aina mbili: aina B ni ya PVC, aina A ni ya vitambaa vingine ikiwamo Hypalon. Soma herufi kabla hujalipa. Nimekiweka namba ya pili kwa sababu kinafanya kazi inayosemwa kitafanya. Ukiwa ziwani Duluti au Chala, mawe ya volkano yamekukwaruza, unafuta, unakausha, unabandika, unarudi nyumbani. Kwa tundu la sindano kinaweza kukaa muda mrefu. Kwa mchaniko mrefu au kwenye mshono, usikitegemee. Na siku ya kuweka kiraka halisi, kibandue chote na usafishe gundi yake yote kwanza.

Namba tatu: gundi ya fundi viatu

Nyingi kati ya gundi za njano za mafundi viatu zina neoprini, kwa hiyo kwenye boti ya Hypalon hazishangazi zikishika. Nimeziba nayo ukanda wa nje unaozunguka boti, na umekaa misimu miwili. Ila haina hadina. Jua likipiga inalegea, na upepo ulio ndani unafanya kazi ya kusukuma bila kupumzika. Itumie kwa kamba, vishikio na mapambo, mahali pasipozuia hewa. Kwenye PVC iache kabisa.

Namba nne: dawa ya kumimina ndani

Ni maziwa ya mpira unayoyamimina kupitia valvu, kisha unaigeuzageuza boti ili yasambae. Yananufaisha boti iliyozeeka inayovuja kama jasho, bila tundu moja linaloonekana. Hayazibi mchaniko, hayaokoi mshono uliofunguka, na yakimwagika kwenye valvu yataiziba. Kwangu mimi hii ni dawa ya kumpa mzee mwaka mmoja zaidi.

Usinunue kabisa

Solusheni ya baiskeli nimeshaisimulia. Supaglu inakauka ngumu na kuvunjika boti inapokunjwa. Silikoni ndiyo mbaya kuliko zote: haishiki, na ikishapakwa inaacha utando ambao hata gundi nzuri ya baadaye inaukataa. Nimepokea boti iliyokuwa na tundu la kuingia kalamu, mwenyewe amelizungushia silikoni upana wa sahani. Tulimaliza siku nzima kuisugua ili tupate mahali pasafi pa kubandika kiraka kidogo. Na dawa za kung'arisha boti, ambazo nyingi zina silikoni, paka baada ya matengenezo, si kabla.

Kabla ya yote, hakikisha inavuja

Hapa kuna gharama ya bure. Jaza boti mchana Arusha, nyuzi joto 30, uirudie alfajiri nyuzi 12: itakuwa imelegea sana, na haijapoteza hata pumzi. Hewa imepoa tu. Vilevile boti iliyojazwa Tanga kisha ikapandishwa gari kuja huku, mita 1,400 juu ya bahari, inakaza hatari kwa sababu hewa ya nje ya huku ni nyepesi. Mgandamizo unaosomeka kwenye geji unaongezeka kama bar 0.15, wakati mirija mingi ya boti inatakiwa iwe na bar 0.2 hadi 0.25 tu. Toa upepo kabla ya kupanda mlima, na nunua pampu yenye geji.

Kutafuta tundu, changanya maji na sabuni ya kuoshea vyombo, paka kwa sponji, anzia kwenye valvu. Mara nyingi ndiyo inayovuja, na dawa yake ni kuikaza kwa ufunguo au kubadilisha mpira wake mdogo. Nimeona watu wakiagiza gundi Dar kumbe walihitaji kuzungusha ufunguo robo.

Boti ya kuiacha

Ukienda kununua boti iliyotumika ili uifufue, ijaze na uiache usiku kucha, kisha pitisha kiganja. PVC inayonata mkononi ikiwa safi na kavu imeanza kuoza yenyewe, na kiraka hakitapata pa kushika. Hypalon inayoonyesha nyuzi kwenye eneo pana imekwisha. Mshono mmoja uliofunguka unatengenezeka. Mishono mitatu inakuambia kuwa gundi ya kiwandani imezeeka boti nzima, na ya nne iko njiani. Ubao wa injini ukiugonga ukatoa sauti butu, ndani umelowa. Lakini boti ya Hypalon iliyofifia rangi, chafu, yenye viraka vizuri vya zamani, inayoamka asubuhi imejaa: hiyo mimi ningeinunua, hata kama jirani yake dukani inang'aa.

Kwa wanaoitumia kwenye maziwa ya Momella, maji yale yana magadi. Suuza kwa maji yasiyo na magadi kila mnaporudi, fungua valvu mkaushe ndani, na boti ikae kivulini, haijakunjwa pembe kali. Kopo la gundi liwekwe chini kabisa ya kabati, mahali penye ubaridi, na tarehe ya kulifungua iandikwe juu ya kifuniko kwa kalamu ya wino mzito.