TAHADHARI: Anayeuza dispensa za juisi "za kioo" ni tapeli

Jamani, siku nne nimenyamaza kwa aibu, leo nasema. Yule dada wa dispensa za vinywaji, vile vyombo vya kuwekea juisi vyenye koki, yule wa picha zenye kitambaa cheupe na majani ya mnanaa, msimtumie hata senti.

Shughuli yenyewe wengi mlikuwepo, sirudii. Ila mlioondoka mapema hamkuona kilichonikuta. Nimeamka saa kumi alfajiri, nimekamua malimau mpaka vidole vinawaka. Saa saba mchana, jua la utosi, dispensa iko mezani chini ya mti, imejaa, inapendeza. Watoto wamejipanga, wa kwanza mtoto wa dada yangu na kikombe chake mkononi. Nikabonyeza koki. Ikatoa robo kikombe, ikaanza kudondosha tone, tone, ikakata. Nikabonyeza tena. Hakuna kitu. Mtoto ananitazama, na foleni nzima nyuma yake inanitazama.

Mjomba akaja, akainua mfuniko, juisi ikatoka kwa nguvu ikamrukia mtoto kifuani. Kumbe mfuniko una raba inayobana kabisa na hauna hata tundu la sindano. Hewa isipoingia juu, juisi haitoki chini! Basi nikauacha wazi, nzi nao wakafika.

Hapo sijagundua kwamba nyuma inavuja. Pale koki inapoingia kwenye chombo panatakiwa raba ndani na raba nje, halafu nati inakaza. Ya kwangu ina kiraba kimoja chembamba cha nje, ndani nati tupu. Kitambaa cha meza cha mama kililowa mpaka kinachuruzika. Mama hakusema neno, alileta sufuria akaikinga chini ya meza, akarudi kukaa. Ule ukimya wake bado unaniuma.

Mtaniuliza nilimwaminije. Nilimwamini kwa sababu anaijua kazi! Nilimwandikia saa tano usiku, akajibu papo hapo kwa sauti, taratibu, "dada yangu" kila sentensi. Akaniuliza watu wangapi, watoto watakuwepo, meza ina kimo gani. Akaniambia nisiweke chai ya moto kwenye kioo kilichotoka kwenye barafu, kitapasuka. Akaniambia nichuje nyama za malimau na mbegu kwa sababu zinaziba koki. Yote hayo ni kweli, hata sasa nikiyapitia ni kweli. Mtu anayekupa ushauri wa kweli bure, utamshuku vipi? Alisema ni kioo, lita 8, koki ya chuma kisichoshika kutu, na silinda ya barafu ya katikati ili juisi ipoe bila kuchanganyika na maji. Akasema imebaki moja na kuna mwenzangu anaitaka. Nikalipa yote usiku uleule.

Silinda haikuja. Kioo chenyewe ni plastiki. Nilipoigonga kwa ukucha ikatoa mlio wa ndoo, na mimi niliibeba kwa mkono mmoja siku ilipofika nikafurahi kwamba ni nyepesi! Chini ina pembetatu na namba 7, ambayo maana yake ni "plastiki nyinginezo" tu, haikuambii ipi. Polikaboneti nayo imo humo, ile inayotengenezwa kwa BPA, kemikali ambayo Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye chupa za watoto wachanga mwaka 2011 na Marekani 2012. Ya kwangu ni ipi? Namwuliza yeye, hajibu. Alama ya glasi na uma, ile ya vyombo vya chakula, haipo. Nikapima kwa chupa ya lita 1: chupa ya sita haikuisha, ikawa imefurika.

Na koki! Asubuhi yake ile rangi ya fedha imebanduka mdomoni, ndani njano, pembeni ukijani. Limau ni asidi, linakula shaba. Watoto wa watu wamekunywa pale. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko hela.

Nilipomtumia picha alisema nimeiosha vibaya. Nikamwomba arudishe hela, akanibloki. Huyu mtu afungiwe akaunti, ashtakiwe, arudishe hela ya kila mmoja. Asiniambie mtu "msamehe, ni biashara". Anauza chombo cha kunyweshea watoto kwa uongo!

Dalili zilikuwepo, nikizikumbuka sasa nasikia joto usoni. Picha zote ni za mbele, hakuna hata moja ya nyuma ya koki wala ya kitako. Nilimwomba video ikijazwa maji, akatuma, lakini mkono wa kwenye video una pete na sauti imezimwa, huenda hata si video yake. Uzito hakuutaja popote, wakati kioo cha lita 8 kikijaa ni kilo 8 za juisi peke yake, bado chombo. Na bei nusu ya wengine.

Skrinishoti zote ninazo, na zile sauti zake. Kama nawe alikupiga, niandikie inboksi leo, naenda polisi Jumatatu na sitaki kwenda peke yangu.